Fidia ya Kitanda Kitupu

Mtaani walimwita Meneja, ingawa katika miaka yake thelathini na tisa hakuwahi kusimamia chochote, hata genge la nyanya. Jina lilitokana na suti. Alikuwa nayo moja, ya rangi ya majivu, iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini. Kila alipoivaa, wasiomjua walimpisha njia, na waliomjua waliingiza mikono mifukoni kuhakikisha pochi zao bado zipo.

Siku ile aliivaa kwa sababu ya kiyoyozi. Jua lilikuwa linayeyusha lami, na Meneja alishagundua kitambo kwamba ofisi ya wakala wa safari za meli, pale kona ya mtaa wenye mabenki, ilikuwa na ubaridi wa bure, viti laini na maji ya kunywa, na kwamba mwanamume mwenye suti akikaa pale na gazeti hakuna anayemuuliza amefuata nini. Alikuwa kwenye glasi ya tatu na ukurasa wa matangazo ya vifo alipowasikia kina mama wawili kwenye kaunta.

Mmoja alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Mwingine alikuwa mwembamba kama uzi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba.

"Binti yangu, hebu rudia polepole," alisema yule mnene. "Mimi ni nesi mstaafu, nimeelezwa mambo mengi magumu maishani, lakini hili limenishinda. Chumba cha melini kina vitanda viwili. Mimi nalipia changu, Fundi hapa analipia chake. Sasa Fundi akiugua, mimi nilipe vyote viwili?"

"Ndivyo ilivyo, mama," alijibu dada wa tiketi, kwa uvumilivu wa mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara mia. "Bei ya chumba ni ya watu wawili. Mmoja akijitoa dakika za mwisho, pesa yake haimrudii, na anayebaki anatozwa ya kulala peke yake. Ndiyo maana nawaambia mkate bima ya safari, kila mtu yake. Na msome vizuri kabla ya kusaini. Kampuni nyingi zinamtambua mume, mke, mtoto na mzazi. Hao wakiugua ukashindwa kusafiri, unalipwa. Rafiki hawamjui."

"Hawamjui?" Ilikuwa mara ya kwanza yule mwembamba kufungua mdomo. "Miaka arobaini na moja, binti. Nimemshonea huyu gauni la harusi, nikamshonea magauni ya mimba, nikamshonea na nguo nyeusi alipofiwa na mume wake. Hawanijui?"

"Kwenye karatasi, mama, wewe ni mtu baki."

Fundi aliishika miwani iliyoning'inia kifuani, akaifuta kwa pindo la kitenge chake.

"Na nyie hamuuzi hiyo bima?" aliuliza Nesi.

"Sisi ni tiketi tu. Bima tafuteni mnakojua."

Tafuteni mnakojua! Kuna watu wakisikia maneno kama hayo wanaona mlango umefungwa. Meneja alikunja gazeti, akalainisha kola, akawafuata nje.

"Shikamooni, mama zangu. Mtanisamehe, sikukusudia kusikiliza ya wenyewe. Lakini nimeshindwa kuvumilia. Miaka arobaini na moja, halafu mtu anakwambia rafiki yako ni mtu baki! Mimi nimeumia, na wala si rafiki yangu."

"Marahaba," alisema Nesi, akimpima kutoka viatuni kwenda juu. "Na wewe ni nani?"

"Meneja," alisema Meneja, na hapo hakudanganya. "Bima ya Nanga Salama. Sisi kwetu rafiki wa chumba kimoja ni jamaa wa karibu, sawa na mume. Liko kwenye kifungu cha saba."

Kifungu cha saba alikuwa amekitunga muda huohuo, akiwa amesimama. Cha kwanza hadi cha sita vingefuata.

"Ofisi iko wapi?" aliuliza Fundi.

"Inapakwa rangi, mama. Keshokutwa itakuwa tayari."

Keshokutwa ilikuwa tayari kweli. Nyuma ya duka la kutoa kopi kulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea mashine mbovu, na mwenye duka alikuwa mtu asiyeuliza maswali ilmradi kodi ya wiki mbili imetangulia na karatasi zote zinatolewa kopi kwake. Meneja alisukuma mashine ukutani, akazifunika kwa pazia, akaweka meza, viti vitatu na picha ya meli aliyoikata kwenye kalenda. Mchonga mihuri mmoja alimchongea nanga, lakini mkono ulimteleza, nanga ikatoka kama ndoana. Meneja aliitazama, akacheka peke yake, akailipia hivyohivyo.

Kisha akaketi kuandika. Alikusanya vijikaratasi vya kampuni za bima za kweli, akasoma kimoja kimoja. Alishangaa. Kila palipoandikwa jambo tamu, mstari wa chini, kwa herufi za kumtesa mdudu, palikuwa na "isipokuwa". Meneja alinakili matamu yote na "isipokuwa" zote akaziacha kwao. Alipomaliza alikuwa na mkataba mzuri kiasi kwamba yeye mwenyewe alitamani kuukata.

Kina mama walikuja saa nne kamili. Fundi alivaa miwani, akasoma kurasa zote tatu bila kupepesa, midomo ikicheza kama anayehesabu mishono. Kisha yakaanza maswali.

"Nikiugua siku moja kabla ya safari?"

"Mnalipwa wote wawili. Wewe unarudishiwa nauli yako, na mwenzako analipiwa kitanda kitupu. Ndiyo. Tena kitanda kitupu tunalipa mara mbili, kwa sababu ya upweke."

"Nikiugua kaugonjwa kadogo tu, mafua?"

"Nanga Salama haibagui magonjwa, mama. Ndiyo."

"Na presha niliyonayo tangu zamani?"

"Ndiyo."

"Mizigo ikipotea?"

"Ndiyo. Hata ikichelewa."

"Tukigombana?"

Meneja aliinua kichwa. "Mama?"

"Tukigombana kabla ya kuondoka, nikawa sitaki hata kumwona. Ni siku kumi hizo, kwenye chumba chenye ukubwa wa kabati."

"Ugomvi pia ndiyo. Kifungu cha tisa."

"Basi muulize na kukoroma," aliingilia Nesi. "Maana huyu anakoroma."

"Nani anakoroma?"

"Wewe."

"Mimi? Wewe uliyelala kwangu siku tatu mpaka jirani akaja kuuliza nimenunua jenereta?"

"Mama zangu," alisema Meneja, mikono juu kama msuluhishi wa ndoa, "kukoroma tunatoa vizibo vya masikio. Bure."

"Na nikibadilisha mawazo?" aliuliza Fundi. "Siumwi, sijafiwa, sijagombana na mtu. Nimeamka tu asubuhi, sitaki tena."

Meneja alinyamaza kidogo, kwa heshima tu, ili ionekane kampuni imefikiri. "Ndiyo," alisema.

Fundi aliuliza mengine, akajibiwa ndiyo kwa yote. Mwishowe akataka kujua malipo yanachukua siku ngapi. Siku tatu, aliambiwa. "Andika kwa mkono wako," alisema, akamsogezea kalamu. Meneja akaandika, akasaini, akagonga ndoana yake. Hakuona shida. Alikuwa amepanga jioni ileile chumba kirudi kuwa stoo ya mashine mbovu, na yeye awe sehemu nyingine ya mji akiuza kitu kingine.

Nesi alilipa ada za wote wawili kwa noti mpya zisizo na mkunjo. Kisha, akifunga mkoba, akasema kama anayekumbuka kitu kidogo:

"Sasa ngoja tukawape wenzetu taarifa."

"Wenzenu gani, mama?"

"Chama chetu cha wastaafu. Tuko arobaini, sote meli hiyohiyo, wawili wawili kila chumba. Walitutuma sisi tutangulie, tukuone ukoje. Wakiridhika, watakuja thelathini na wanane waliobaki."

Thelathini na wanane! Wazee wenye viinua mgongo, wenye presha, wenye hofu ya maji! Mpango wa kula kona jioni ulifutika kichwani mwa Meneja kama maandishi ya chaki.

"Ofisi iko wazi siku zote," alisema kwa sauti nyembamba.

Ni vizuri kueleza hapa kwa nini thelathini na wanane walimgusa kiasi kile. Meneja alilala sebuleni kwa dada yake, kwenye kochi, kwa mwaka wa pili. Watoto wa dada walifanyia kazi za shule juu ya kitanda chake, yaani juu yake. Shemeji alikuwa mpole, lakini siku hizi alikata mkate vipande vyembamba akimtazama. Dada naye alishasema: mwisho wa mwezi, kaka, utafute kwako. Meneja alishapata pa kwenda, vyumba viwili juu ya duka la dawa, na kwenye bati la biskuti chini ya kochi alikuwa na kodi ya mwaka mzima, aliyoidunduliza kwa miaka miwili ya uongo wa kila aina. Lakini chama kizima cha wastaafu kingempa zaidi ya vyumba viwili. Kingempa nyumba yenye lango.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Alikuwa Nesi, akilia.

"Baba, tumekwisha! Fundi ameteleza bafuni. Sabuni! Mguu umevunjika, na meli inaondoka Jumatatu."

Meneja hakuwa mtoto. Yeye mwenyewe aliwahi kuchechemea miezi minne mbele ya ofisi ya misaada kwa mguu ambao haukuwa na tatizo lolote. Alikwenda kuuona huo mguu kwa macho yake.

Alimkuta Fundi kitandani, ndani ya chumba kilichojaa vipande vya vitambaa, plasta nyeupe ikimfunika kutoka unyayoni hadi juu ya goti. Meneja alimpa pole, akainama kama anayepanga mto, akaigonga plasta kwa kidole. Ilikuwa plasta kweli, ngumu, imefungwa kitaalamu, na harufu ya hospitali.

"Mama, msiwe na wasiwasi. Fidia—"

"Mimi sitaki fidia," alisema Fundi.

"Mama?"

"Zirudishe tu pesa za mwenzangu. Mimi pesa sikuzifuata." Aligeukia ukutani. "Miaka yote nimekaa nimeinamia meza. Nilitaka siku kumi za kuangalia mbali."

Akalia. Hakulia kwa kelele. Machozi yalimtoka tu, yakapitia kwenye mikunjo ya uso na kuingia kwenye mto. Meneja aliwahi kuwaliza watu wengi, lakini kwa kawaida hakuwepo wakilia. Alisimama pale akizungusha kifungo cha koti. Alipotoka nje alinunua machungwa sita kwa pesa yake mwenyewe, akarudi, akayaweka kwenye kiti kando ya kitanda. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimpa mtu kitu bila kumwambia asaini.

Jioni akapigiwa simu na mwanamume mwenye sauti nzito, aliyejitambulisha kuwa Mwenyekiti wa chama cha wastaafu.

"Nisikilize, kijana. Wanachama wana wasiwasi. Wamesikia Fundi ameanguka. Wanasema tusubiri kwanza. Ukilipa ulivyoandika, Jumatatu asubuhi tunakuja wote na pesa mkononi, kabla ya kwenda bandarini. Usipolipa, tunajua pa kukupeleka."

Meneja alikaa kwenye kochi, watoto wakiandika kuzidisha na kutoa mgongoni mwake. Nauli ya Fundi. Kitanda kitupu cha Nesi, mara mbili, kwa sababu ya upweke. Upweke! Nani alimtuma kuongeza upweke? Vyote pamoja vilikuwa kama bati zima la biskuti. Lakini nyuma ya bati aliwaona thelathini na wanane wamepanga mstari, kila mmoja na bahasha. Mkulima hutupa mbegu nzuri ardhini, alijiambia, na hakuna anayemwita mpumbavu. Alisahau kwamba hakuwahi kulima.

Jumamosi mchana dada yake alimkuta mlangoni na bati kwapani.

"Unalipeleka wapi?"

"Nakwenda kuwekeza."

Dada alilitazama bati. "Mungu wangu," alisema, akarudi jikoni.

Sherehe ya kukabidhi fidia ilifanyika sebuleni kwa Nesi. Fundi alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Mwenyekiti alivaa tai. Wanachama tisa, waliotajwa kuwa wawakilishi, walikaa kwenye viti vya plastiki wakiwa wamenyooka kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Meneja alipoona hadhira ile, akachangamka. Alikuwa msemaji wa kuzaliwa, na maisha hayakuwahi kumpa watu waliokaa wakatulia.

"Ndugu wastaafu," alianza, "kuna kampuni zinazokupenda siku ya kulipa ada tu. Siku ya shida wanakuuliza, una uhusiano gani na mgonjwa? Leo Nanga Salama inasema hadharani: uhusiano ni urafiki! Kwani nani anayekukuta umeanguka bafuni? Waziri? Mkurugenzi? Ni rafiki!"

Makofi yalipigwa. Mama mmoja wa nyuma alifuta macho. Meneja mwenyewe akawa karibu kuamini kwamba kampuni ipo. Alifungua bati, akamkabidhi Nesi pesa mbele ya watu. Nesi alilowesha kidole gumba ulimini, akahesabu mara mbili, akasaini.

"Baba," alisema, akimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, "watu kama wewe hawazaliwi tena."

"Jumatatu saa tatu," alisema Mwenyekiti. "Wote."

Jumapili Meneja alitoa kopi za fomu kwa deni. Jumatatu alikodi viti, navyo kwa deni, akavipanga kuanzia ndani ya stoo hadi uchochoroni. Saa tatu ilifika. Akajiambia wazee hutembea polepole. Saa nne akajiambia pengine wanatafuta mtaa. Saa tano mwenye duka la kopi alichungulia, akatazama viti vitupu, akauliza, "Leo mna mkutano wa mizimu?"

Simu ya Mwenyekiti ilikuwa imezimwa. Ya Nesi iliita, ikaita, haikupokelewa. Meneja akatia miguu barabarani, suti ikimganda mgongoni, mpaka kwenye kiyoyozi cha kona ya mabenki.

"Chama cha wastaafu?" alishangaa dada wa tiketi. "Hakuna chama chochote kwenye safari hii. Wastaafu ninaowajua ni wale mama wawili. Walikuja Jumamosi jioni tukiwa tunafunga, wakabadilisha chumba. Wamechukua chenye roshani, juu kabisa. Na wamekata bima kwa kampuni ya kweli, kila mtu yake, kama nilivyowaambia."

"Wote wawili wanasafiri?"

"Wote wawili."

"Na mguu?"

"Mguu gani, kaka? Yule mwembamba alizipanda ngazi zetu mbili mbili."

Meneja alifika bandarini akihema kama mashine ya kopi ya mwenye duka. Mlinzi wa lango alimwomba tiketi, hakuwa nayo, akabaki amening'inia kwenye uzio pamoja na watu waliokuja kuaga ndugu zao. Meli ilikuwa imesimama mbele yake, nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Umeamkaje, baba?" Ilikuwa sauti ya kuamsha wodi nzima.

"Mama! Mko wapi?"

"Hesabu roshani za juu kabisa, ya pili. Unaona mtu anapunga kitambaa cha njano? Huyo ni jamaa yangu wa karibu. Kifungu cha saba."

Aliona. Mtu mwembamba kama uzi alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kwa sababu ule mwingine, uliovunjika, aliuinua juu ya ukingo na kuuzungusha kifundo, taratibu, ili aliyeko chini auone vizuri.

"Plasta ile," alisema Meneja.

"Miaka thelathini na miwili wodi ya mifupa, mwanangu. Ningeweza kukufunga wewe mzima."

"Mwenyekiti?"

"Shemeji yangu. Anauza magodoro. Wale wengine ni wapangaji wangu. Niliwaambia atakuja mtu kutoa hotuba, wapige makofi. Lakini wamesema hotuba ilikuwa nzuri kweli. Mama wa chumba cha nyuma alilia bila kuambiwa."

Meneja alifumba macho. Hasira ingefika baadaye. Kwa sasa alikuwa na udadisi wa fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake. "Mlijuaje?"

Kulisikika mkwaruzo, simu ikabadilisha mkono.

"Mwanangu," alisema Fundi. "Karakana yangu iliungua miaka sita iliyopita. Cherehani nne, nguo za wateja, kila kitu. Nilikuwa na bima halali kabisa. Nimeifuata miaka mitatu. Waliniambia hapana kwa ajili ya moshi, hapana kwa ajili ya maji ya zimamoto, hapana kwa sababu mlango ulikuwa wa mbao. Watu wa bima nawajua kama ninavyoijua sindano. Wewe nilikuuliza maswali kumi na moja, ukasema ndiyo kumi na moja. Mpaka nikibadilisha mawazo tu, ndiyo! Tulipotoka nikamwambia shoga yangu, huyu si mtu wa bima. Huyu ni mwizi. Ana roho nzuri mno."

Meneja akauliza, "Na yale machozi?"

Upepo ulisikika kwenye simu.

"Yale yalikuwa ya kweli," alisema Fundi. "Nilikuwa nazifikiria cherehani zangu. Na machungwa, asante. Yalikuwa matamu."

"Lakini mama, huu ni wizi!"

Simu ilisharudi kwa Nesi. "Ndiyo, baba," alisema. "Nenda kadai."

Honi ya meli ikalia, ndefu, na watu wote kwenye uzio wakapunga mikono. Bibi aliyekuwa kando ya Meneja alimwona hapungi, akamwambia kwa upole, "Usihuzunike, watarudi."

Aliposimama pale akiitazama meli ikijigeuza, hasira ikafika. Alilifikiria bati tupu, na kochi, na mkate unaokatwa vipande vyembamba. Alifikiria viti vya kukodi vilivyokuwa uchochoroni vikihesabiwa kwa saa. Alikuwa raia, alijiambia, na raia akiibiwa ana pa kwenda. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliingia kituo cha polisi kwa hiari yake, kwa kupitia mlango wa mbele.

Askari wa kaunta alikuwa mtu mzima mwenye mafua na daftari kubwa. Alinyoosha kalamu.

"Haya, eleza."

"Afande, nimetapeliwa. Kina mama wawili. Mmoja alijifanya amevunjika mguu, nikamlipa fidia."

"Fidia ya nini?"

"Ya bima, afande. Walikata bima ya safari, wanalala chumba kimoja melini. Mmoja akishindwa kusafiri, mwenzake analipiwa kitanda kitupu."

Askari aliandika yote, polepole, kwa mwandiko mzuri. "Bima ya kampuni gani?"

Meneja alifungua mdomo.

"Kampuni," alirudia askari. "Iliyokata bima. Wewe ni nani kwao? Nitahitaji namba ya usajili, leseni, na barua ya mkurugenzi. Kesi kubwa hii, tutaifuatilia mpaka mwisho. Mkurugenzi wenu ni nani?"

Feni ya darini ilizunguka. Kwenye benchi la nyuma mtu alikohoa. Meneja aliona, kwa uwazi wa ajabu, ndoana yake ndogo ikiwa imebandikwa kwenye jalada la serikali.

"Afande," alisema, "hebu yafute hayo kidogo. Nimechanganya mambo, ni jua. Nilichokuja kusema ni kwamba nimepoteza mwavuli."

Askari alimtazama juu ya miwani. "Mwavuli."

"Mweusi. Mshikio wa mbao."

"Na kina mama wawili?"

"Walikuwa wanapita tu, afande."

Askari alipiga chafya, akachana ukurasa, akaanza upya. Alikuwa mtu anayeheshimu kazi yake. Aliuliza mwavuli ulinunuliwa lini, una mbavu ngapi, una alama gani, ulionekana wapi mara ya mwisho, na Meneja akajibu kila swali bila kusita, kwa ufasaha, mpaka mwavuli ule ukawa na mkwaruzo upande wa kushoto na historia ya marehemu baba. Askari aliguswa. Aliandika yote, akampa nakala, akaigonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

Nje, Meneja aliisoma karatasi ile mara mbili chini ya jua kali. Tarehe ilikuwa sawa, saini ilikuwa sawa, muhuri ulikuwa wa duara na umenyooka. Katika kazi yake yote ilikuwa hati ya kwanza halali kuishika mkononi. Akaikunja kwa uangalifu, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaenda kuwaeleza wenye viti vya kukodi.